Kupiga solo juu ya kodi ya dominanti: anza na noti mbili, skeli zije baadaye

Mwongozo huu ni wa mpiga gitaa au kibodi ambaye tayari anazijua kodi (chords, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja) tatu za pambio na anaifuata kwaya bila kupotea, lakini akipewa nafasi ya solo anazunguka ndani ya skeli (noti zinazofuatana kwa ngazi) moja ya C mwanzo hadi mwisho. Hakosei noti hata moja. Shida yake ni kwamba ukiizima bendi ukaisikiliza solo peke yake, huwezi kusema kodi ilibadilika wapi. Mahali pa kulitibu hilo ni kwenye dominanti, yaani ile G7 inayokaa kabla ya kurudi C. Mpigaji akiijua G7 vizuri, solo yake inaanza kusema kitu hata bendi ikinyamaza.

Vijana wengi wanaojifunza wenyewe kwa simu wanaanzia upande usio sahihi. Wanaandika orodha ya skeli kumi za dominanti, wanazikariri kutoka chini kwenda juu, kisha wanashangaa kwamba solo haijabadilika. Mimi nakuomba ufuate mpangilio mwingine: kwanza sauti ya mdomo, kisha noti tatu za kodi, kisha arpejio, na skeli baada ya hapo. Wengi wetu Moshi na Arusha tumepita kwaya kabla ya kushika chombo, kwa hiyo solfa (do re mi fa so la ti) tunayo tayari. Tuitumie.

Alama utakazoziona: ♭ inashusha noti kwa nusu toni (hatua ndogo kabisa, freti moja ya gitaa), # inaipandisha. Umbo la gitaa nitaliandika kwa tarakimu sita kuanzia uzi mnene hadi mwembamba. Tarakimu ni freti, x ni uzi usiopigwa.

Hatua ya 1: imba kabla ya kushika chombo

Dominanti inajengwa juu ya so. Chukua so, ruka noti moja chukua ti, ruka chukua re, ruka chukua fa. Katika ufunguo wa C hizo ni G, B, D, F, nayo tunaiita G7. Katika ufunguo wa F ni C, E, G, B♭, yaani C7. Herufi zinabadilika, so-ti-re-fa haibadiliki.

Noti mbili ndizo zinazoipa kodi hii haraka ya kuondoka: ti na fa. Ti iko nusu toni chini ya do, fa iko nusu toni juu ya mi. Kati yao kuna nusu toni sita, ambazo ni nusu kamili ya oktevu (umbali wa do hadi do inayofuata), kwa hiyo hata ukizigeuza fa ikakaa chini na ti juu, umbali ni uleule. Ndani ya skeli ya kawaida ya do hakuna jozi nyingine ya namna hiyo. Sikio linazisikia zikivutana, linasubiri ti ipande do na fa ishuke mi.

Mshike mwenzako baada ya mazoezi ya kwaya. Mmoja aimbe ti kisha do, mwingine fa kisha mi, kwa wakati mmoja, polepole. Badilishaneni. Kisha kaeni kwenye ti na fa bila kuhama, muda mrefu, mpaka mmoja wenu atamani mwenyewe kwenda nyumbani, yaani kwenye do na mi. Hamu hiyo ndiyo malighafi ya solo yote inayofuata. Asiyeisikia mdomoni hataipata kwenye vidole.

Hatua ya 2: noti tatu zinatosha kuwa kodi

Kwenye gitaa, acha G7 kubwa ya nyuzi sita. Piga 3x34xx: G kwenye uzi wa 6, F kwenye uzi wa 4, B kwenye uzi wa 3. Re imeachwa na hakuna atakayeiulizia. Sasa nenda x325xx, yaani C, E, C. Tazama vidole viwili vya juu tu. Cha uzi wa 4 kilikuwa freti ya 3, kimerudi ya 2: hiyo ni fa kwenda mi. Cha uzi wa 3 kilikuwa freti ya 4, kimesogea ya 5: hiyo ni ti kwenda do. Ulichokiimba na mwenzako sasa unakiona kwa macho kwenye shingo ya gitaa. Kwenye kibodi, mkono wa kushoto ushike G, wa kulia F na B. Kisha C kushoto, E na C kulia.

Rudia mpaka usiangalie tena, halafu fanya jambo la pili, ambalo mimi naliona ni zuri kupita maelezo. Badala ya kwenda C ya kawaida, nenda C7: x323xx. Kutoka G7 vidole vyote viwili vimerudi freti moja tu nyuma. Kutoka C7 nenda F7, 1x12xx: tena freti moja nyuma. Ukianzia mbali zaidi utapata mnyororo mzima: E7 (x767xx), A7 (5x56xx), D7 (x545xx), G7 (3x34xx), C7 (x323xx), F7 (1x12xx). Besi inaruka huku na huku, vidole viwili vya juu vinateremka nusu toni kwa nusu toni. Kwenye kila kodi fa ya zamani imeshuka kuwa ti mpya, na ti ya zamani imeshuka kuwa fa mpya. Tenzi nyingi za kwaya zinapitia D7 kabla ya G7, pale mwimbaji wa alto au wa tenor anapoimba fe (fa iliyopandishwa nusu toni), kwa hiyo kipande hicho cha mnyororo umeshakisikia mara nyingi.

Hapa niseme neno kuhusu kitufe cha transpozi kwenye kibodi za makanisani. Wapiga kibodi wengi wanapiga C miaka yote, kwaya ikihitaji E♭ wanabonyeza kitufe mara tatu na maisha yanaendelea. Wakati wa ibada sina ugomvi nacho, kwa sababu ibada haisubiri mtu. Mazoezini kizime kabisa. Kinakuficha sehemu nyeusi za kibodi, na siku ukikaa kwenye piano halisi, au ukiombwa upige na mpiga saksafoni ambaye nyimbo zake ziko B♭ na E♭, utakuwa umejua kodi saba za dunia nzima. Ukifika wakati wa kuzunguka funguo (tazama hatua ya 9), fanya hatua hii katika funguo ambazo kwaya zetu zinaimba kweli: F, G, A♭, B♭, D. Nyingine zitafuata.

Hatua ya 3: arpejio, na pa kutua

Arpejio ni kodi iliyofunguliwa, noti moja baada ya nyingine. G7 mahali pa freti ya 3 kwenye gitaa inakwenda hivi: uzi wa 6 freti ya 3 (G), uzi wa 5 freti ya 2 (B) na ya 5 (D), uzi wa 4 freti ya 3 (F) na ya 5 (G), uzi wa 3 freti ya 4 (B), uzi wa 2 freti ya 3 (D) na ya 6 (F), uzi wa 1 freti ya 3 (G). Panda, shuka, kisha anzia B, kisha D, kisha F. Mpigaji anayeweza kuanzia G tu hajaijua arpejio, ameijua njia moja ya kuingilia.

Ila arpejio ya kupanda na kushuka bado ni zoezi. Inakuwa muziki pale inapojua inatua wapi. Weka metronomu ya simu (programu ya kuhesabu mapigo) kwenye 60, noti mbili kwa kila mpigo, kipimo kimoja cha G7 chenye mapigo manne, kisha kipimo cha C. Kanuni ni moja: noti ya mwisho ya G7 iende nusu toni au toni moja tu (nusu toni mbili) kufika kwenye noti ya C. Mfano:

B D F A G F D F | E

Hesabu noti zinazoangukia kwenye mapigo: B, F, G, D. Zote ni za kodi. Noti ya mwisho ni F, na E iko jirani yake mlangoni. Sasa tunga ya kwako inayotua C kutoka B, halafu nyingine inayotua G kutoka A. Ziandike kwenye daftari. Naamini kabisa katika daftari la muziki. Mistari miwili mitatu uliyoitunga mwenyewe na kuipiga katika funguo tano ina faida kuliko mia uliyoiona kwenye video.

Hatua ya 4: hamia juu, mwachie mpiga besi mzizi

Kama kuna besi, G, ambayo ndiyo mzizi wa kodi, tayari inasikika. Solo inayoendelea kuirudia inapoteza nafasi. Anzia kwenye ti: B, D, F, A. Ni G7 ileile, ila mzizi umeondoka na ya tisa (A, noti ya tisa ukihesabu kutoka G) imeingia, na ghafla sauti inakuwa na upana. Ukipiga hivyo bila besi itasikika kama kodi nyingine, kwa hiyo rekodi kwanza kwenye simu dakika mbili za kodi za hatua ya 2, kisha piga juu yake.

Baada ya hapo shusha A kwa nusu toni: B, D, F, A♭. Sasa kila noti iko nusu toni tatu kutoka kwa jirani yake, na ukizidi kupanda unarudi kwenye B. Kwenye gitaa umbo lolote la kodi hii ukilisogeza freti tatu linakupa noti zilezile kwa mpangilio mwingine. Kwa kuwa noti ni 12 na kila kundi lina 4, makundi ya namna hii yako matatu tu duniani. Jifunze matatu na umemaliza.

Faida yake kwa dominanti ni kubwa. Shusha noti yoyote moja kati ya hizo nne kwa nusu toni, na kodi ya dominanti inatokea: A♭ ikishuka unapata G7, B ikishuka unapata B♭7, D ikishuka unapata D♭7, F ikishuka unapata E7. Kwa hiyo arpejio moja inahudumia kodi nne, na kila mara inaleta ile ya tisa iliyoshushwa ambayo inalilia kuteremka. Juu ya G7, A♭ inashuka G. Isikilize hasa pale wimbo unapokwenda kwenye minor (kodi yenye sauti ya huzuni), E7 kwenda Am: G#, B, D, F, kisha E au A. Nyimbo za majonzi na za Kwaresima zimejaa mwendo huo.

Hatua ya 5: sauti mbili za dansi

Hii haimo kwenye vitabu vya jazi vya Marekani, lakini kwetu ndiyo lugha ya nyumbani, na mimi naiweka kabla ya skeli kwa makusudi. Bendi zetu za zamani zilijiita Jazz huku zikipiga rumba. Ndugu Wilson na George Kinyonga walipitia hapahapa na bendi ya Arusha Jazz kabla ya kuvuka Kenya na kuanzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Katika muziki wa aina hiyo gitaa la solo linatembea na noti mbili kwa pamoja, na dominanti inatamkwa kwa jozi hizo.

Tumia uzi wa 3 na wa 2. Juu ya G7 una jozi tatu. B na D: freti ya 4 na ya 3. D na F: freti ya 7 na ya 6. F na A: freti ya 10 na ya 10. Juu ya C una C na E: freti ya 5 na ya 5, E na G: freti ya 9 na ya 8. Sasa tazama safari zake. B-D inapanda kwenda C-E. F-A inashuka kwenda E-G. D-F inaweza kushuka C-E au kupanda E-G, unavyotaka. Sauti ya kwanza na ya pili ya kwaya zinafanya hivyohivyo, ndiyo maana mkono ukilipata sikio halishangai.

Piga polepole, kipimo kimoja kimoja, ukianza na F-A, kisha D-F, kisha B-D, ukifikia C-E kwenye mpigo wa kwanza wa kipimo kinachofuata. Kisha vunja jozi: noti ya chini kwanza, ya juu baadaye, kwa noti mbili kwa mpigo. Hapo utasikia mwanzo wa sebene, ile sehemu ya rumba ambapo magitaa yanachukua nafasi. Ukiipiga G7 namna hii juu ya pambio lolote la kawaida, mpiga ridhimu akikaa kimya bado kila mtu atajua kodi iko wapi.

Hatua ya 6: sasa skeli

Skeli ya msingi ya G7 ni noti za C zikianzia G: G A B C D E F. Huna kipya cha kukariri. Lakini iteremshe kuanzia G, noti mbili kwa mpigo, uone inakofanya kosa: G F, E D, C B, A G. Noti za kwenye mapigo ni G, E, C, A. Hizo ni noti za C yenye A ndani yake! Umepiga skeli sahihi ya G7 na masikio yamesikia C, yaani umefika nyumbani kabla ya safari kuanza. Hii ndiyo sababu kubwa ya solo za skeli kusikika hazina mwelekeo, na sikuwahi kuona maelezo yanayosaidia kuliko haya.

Dawa iko tangu kina Charlie Parker na Dizzy Gillespie, wapiga jazi wa Marekani, miaka ya 1940. Ongeza noti moja ya kupitia kati ya G na F:

G F# F E D C B A | G

Kwenye mapigo sasa ni G, F, D, B. Kodi kamili. Mpiga piano Barry Harris wa Detroit, aliyefariki mwaka 2021, aliifundisha kanuni hii kwa miaka mingi: ukiteremka kuanzia noti yoyote ya kodi iliyo kwenye mpigo, weka nusu toni moja ya ziada kati ya mzizi na ya saba (hapa G na F), basi. Jaribu mwenyewe. Kuanzia B: B A G F# F E D C | B. Kuanzia D: D C B A G F# F E | D. Kuanzia F: F E D C B A G F# | F. Kila moja inaweka noti za kodi kwenye mapigo. F# yenyewe haimo kwenye G7 na ukikaa juu yake itaumiza. Nguvu yake ni kupita kati ya mapigo.

Noti nyingine ya kuichunga ni C, ambayo ni do. Juu ya G7 inagongana na B. Ipite tu, usitue juu yake, isipokuwa unataka kuifanya ishuke kwenye B kabla ya kwenda nyumbani.

Kaa kwenye hatua hii muda mrefu. Ninayoyaeleza baada ya hapa ni rangi, na rangi bila hatua ya 6 zinasikika kama noti zilizokosewa.

Hatua ya 7: uliza kodi inakwenda wapi

Usichague skeli kwa kuangalia jina la kodi. Angalia kodi inayofuata.

Ikienda kwenye major, kama G7 kwenda C, skeli ya hatua ya 6 inatosha siku zote.

Ikienda kwenye minor, tumia noti za minor unakokwenda pamoja na ti yake. E7 kwenda Am: E F G# A B C D. Rukio la kutoka F kwenda G# ndilo linalobeba hisia, kwa hiyo lipe nafasi lisikike, usiliharakishe.

Kama dominanti haiendi nyumbani moja kwa moja, kwa mfano D7 inayokaa muda mrefu katika ufunguo wa C, au B♭7 inayorudi C, pandisha noti ya nne ya skeli kwa nusu toni: D E F# G# A B C kwa D7, B♭ C D E F G A♭ kwa B♭7. Ile C iliyotusumbua juu ya G7, kwa mtindo huu inakuwa C#, na ugomvi unaisha. Ni sauti angavu. Juu ya G7 inayokwenda C itumie kwa uangalifu, maana C# inaivuruga njia ya kurudi do.

Ukitaka mvutano mkali kabla ya kufika nyumbani, kuna skeli iliyobadilishwa: G A♭ B♭ B D♭ E♭ F. Inaonekana ngumu mpaka utambue kuwa ni noti zilezile za D♭7 yenye ya nne iliyopandishwa. Na D♭7 inahusiana na G7 kwa sababu ya jozi yetu ya hatua ya 1: F na B ni fa na ti za G7, na hizohizo, majukumu yakibadilishana, ni za D♭7. Ndiyo maana mpiga besi anaweza kupiga D♭ badala ya G na kuteremka nusu toni kwenda C bila kodi kupoteza kazi yake. Mwanzoni usihangaike na skeli nzima. Piga arpejio ya D♭7 (D♭ F A♭ B) kwenye mapigo mawili ya mwisho ya G7, kisha tua E au G ya C.

Zipo pia skeli ya toni nzima (G A B C# D# F) na ile ya noti nane inayopokezana nusu toni na toni (G A♭ B♭ B C# D E F). Zijue zipo. Zitakungoja.

Kuhusu kanisani nina msimamo. Noti zilizobadilishwa zinategemea nani anaimba nini. Kama sauti ya kwanza imeshika mi, yaani E, juu ya G7, ukipiga E♭ umemwangusha mwimbaji, hata kama kitabu kinaruhusu. Wakati washarika wanaimba, baki hatua ya 6. Kwenye utangulizi, kwenye kipande cha vyombo peke yake, au mwisho wimbo unapozungushwa, hapo fungua mlango.

Hatua ya 8: voisingi, yaani nani akae wapi ndani ya kodi

Mpiga solo anayejua kupanga kodi anatunga mistari bora, kwa sababu mstari mzuri mara nyingi ni sauti moja ya ndani ya kodi iliyotolewa nje.

Gitaa: rudi kwenye 3x34xx na uongeze uzi wa 2. Kwanza 3x345x, yenye E juu. Kisha 3x344x, E imeshuka E♭. Kisha x3243x: C, E, B, D. Sikiliza uzi wa 2 peke yake: freti ya 5, ya 4, ya 3. E, E♭, D. Uzi wa 4 umeshuka F kwenda E, uzi wa 3 haujahama. Sasa imba huo uzi wa 2 juu ya kodi za mwenzako. Umeshatunga mstari wenye noti iliyobadilishwa, na hukufikiria skeli yoyote.

Kibodi: mkono wa kushoto F A B E, F ikiwa ile iliyo chini kidogo ya C ya katikati. Ukishuka zaidi inakuwa tope. Kisha shusha mbili: F A♭ B E♭. Kisha nyumbani: E G B D. Noti tatu zimeteremka kwa hatua ndogo kabisa na B imekaa palepale. Mzizi haumo, kwa hiyo hii ni ya siku ambayo besi ipo. Kama hakuna besi, kushoto piga G na F, kulia panga zilizobaki.

Ukizizoea, shika F na B kushoto na uweke kulia kodi ya noti tatu. A major (A C# E) inatoa ile sauti angavu. E major (E G# B) inatoa ya tisa iliyoshushwa. E♭ major (E♭ G B♭) inatoa mvutano mkali zaidi. Zifungue kama arpejio na tayari una solo.

Hatua ya 9: namna ya kupanga mazoezi

Dakika 30 kwa siku zinafaa kuliko saa nne za Jumamosi. Wiki ya kwanza na ya pili fanya hatua ya 1 hadi ya 3 katika ufunguo mmoja. Usiongeze kitu. Wiki ya tatu ongeza ya 4 na ya 5. Hatua ya 6 ipe mwezi mzima, na hapo ndipo uzunguke funguo: C, F, B♭, E♭, A♭, kisha G, D, A. Kila siku dakika tano za mwisho ni za kupiga kwa uhuru bila kufikiria hatua yoyote, ukijirekodi.

Rekodi usiisikilize siku hiyohiyo. Isikilize kesho yake, ukitembea, bila chombo mkononi, na ujaribu kusema kwa sauti kodi inapobadilika. Ukiweza kusema, hatua imekubali. Usipoweza, rudi kwenye jozi ya ti na fa ya ufunguo huo.

Umeme ukikatika jioni usiweke sababu. Gitaa kavu halihitaji umeme, na mpiga kibodi anaweza kuimba arpejio kwa solfa huku akigonga mapigo mezani: ti re fa la, so fa re fa, mi. Hiyo ni ile mistari ya hatua ya 3, na sasa iko katika funguo zote kwa mpigo mmoja.

Ukitaka mwalimu wa darasani, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira pale Usa River, kati ya Arusha na Moshi, kina masomo ya muziki ya ngazi ya shahada. Lakini mwalimu wa kwanza na wa karibu ni mpiga besi wa kwaya yako. Mwombe abaki dakika kumi baada ya mazoezi, apige G vipimo viwili na C vipimo viwili, asibadilishe chochote. Mzunguko wa kwanza piga noti za mapigo tu, G F D B. Wa pili jaza katikati. Wa tatu shusha A♭ mara moja, ukiitua G. Kisha mwambie ahamie ufunguo wa F, uanze upya na C7.